Maua ya Miiba Makobola

Anayetoka Uvira kwa barabara ya Baraka huipita bandari ya Kalundu, kisha barabara hubanwa kati ya mlima na ziwa, na baada ya kilomita 15 hivi huwasili Makobola. Mvua hutuaga mwezi wa tano. Tangu mwezi wa sita hadi wa tisa mbingu hufunga, na udongo wetu, ambao kwa sehemu kubwa ni mchanga na changarawe zilizoteremshwa na mito kutoka safu ya Mitumba, hauwezi kuyashika maji hata siku mbili. Jua hutuchoma kutoka juu, na mng'ao wa ziwa hutuchoma kutoka upande. Mihogo huvumilia. Lengalenga hudai bidoni la maji asubuhi na jingine jioni. Mawaridi yanayoletwa kutoka Bukavu, kwenye baridi na ukungu, mara nyingi huwa yamekwisha kukauka kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, katikati ya mwezi wa nane.

Katika ardhi hiyo mama yangu ana bustani ambayo haijakosa ua hata mwezi mmoja kwa miaka 17. Alichokifanya ni kuchagua mmea unaopenda kile ambacho mimea mingine hukikimbia. Mmea huo huitwa taji la miiba, na wengi wenu, ndugu wasomaji, mmekwisha kuuona uani kwa mapadre, mbele ya zahanati, au ukiwa ndani ya kopo la mafuta barazani mwa nyumba: shina la kijivu lililojaa miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, majani machache ya kijani kwenye ncha, na vishada vya maua madogo mekundu yasiyo na harufu. Hauzidi kimo cha kiuno cha mtu mzima ukikatwakatwa vizuri. Ukiachwa huweza kumfikia kifuani.

Wageni hushangaa. Mtu mwenye parseli karibu na ziwa angeweza kupanda miembe, migomba, au basi ua linalopendeza kulishika. Papa Katekista, ambaye ni mtu ninayemheshimu sana na aliyenifundisha sala, alimwambia Mama siku moja mbele ya watu kwamba miiba ni alama ya ardhi iliyolaaniwa kwa kosa la Adamu, na kwamba haimpendezi Mkristo kuilea kwa mikono yake.

Mama alimjibu kwa upole: «Papa Katekista, siku ileile Adamu aliambiwa pia habari za jasho. Mbona mihogo yetu tunailima kwa jasho na hatuoni haya?»

Watu walicheka, na Papa Katekista naye alicheka. Lakini neno lake lilinibaki moyoni, maana si yeye peke yake anayelisema. Nikaanza kuuliza ni miiba ipi hasa inayosemwa katika Maandiko. Mwandishi wa Injili ya Mathayo, anaponukuu Bwana akiuliza kama tini huchumwa kwenye mmea wa miiba, anatumia neno la Kigiriki «tribolos», na neno hilohilo limo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya kitabu cha Mwanzo, palepale pa laana ya ardhi. Tafsiri moja ya Kiswahili iliyozoeleka inaandika «mibaruti». Basi mbaruti tunaoujua sisi Waswahili ni ule mmea wa kando ya barabara wenye majani ya kijani kibichi kilichofifia, mishipa myeupe, miiba kila mahali, na ua la manjano laini kama karatasi ya kufungia zawadi. Asili yake ni Meksiko na nchi zinazoizunguka. Haukuweza kuwa Galilaya wakati wa Yesu, kwa kuwa ulivuka bahari baada ya safari za Columbus, zaidi ya miaka 1,400 baadaye. Watafsiri hawakukosea kwa hilo: walichagua mmea ambao msomaji wao angeweza kuuona akifungua dirisha. Ni mmea mzuri kwa macho, lakini mbegu zake ni sumu. Mwaka 1998 mjini Delhi watu walikufa baada ya kula mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta yake.

Mmea unaoibeba asili ya lile neno la Kigiriki hata katika jina lake la kitaalamu ni mbigili, ule utambaao mchangani na kuchoma nyayo za watoto. Wataalamu huuita Tribulus. Na ile mimea ya miiba yenye vichwa vya mviringo ambayo watu wa Ulaya huipanda kwa mapambo ina ndugu zake katika milima yetu ya Afrika Mashariki, kwenye nyasi za baridi, mbali na joto la ziwa. Tungeiteremsha Makobola, ninaamini ingetucheka na kufa. Kwa mtu wa mwambao huu anayetaka ua la miiba kwenye jua na ukavu, njia inamrudisha kwenye taji la miiba.

Hata hilo nalo ni mgeni. Asili yake ni Madagaska. Jina lake la kitaalamu, Euphorbia milii, linamkumbuka Milius, aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, na ambaye aliufikisha mmea huu Ufaransa mwaka 1821. Kwa hiyo wale wanaotuambia kwamba ndio mmea uliosokotwa taji la Mwokozi wanatuambia jambo gumu kulisadiki. Wataalamu wa mimea ya nchi takatifu huelekeza kidole kwingine, na mara nyingi humtaja jamaa wa mkunazi, ambao Linnaeus aliupa jina la mwiba wa Kristo. Mkunazi! Mti ambao watoto wa pwani ya Afrika Mashariki huparamia kutafuta kunazi bila kufikiri kitu. Tena taji linaloheshimiwa Paris, ambalo Mfalme Mtakatifu Louis alilipata mwaka 1239 na ambalo liliokolewa katika moto wa Kanisa Kuu la Notre-Dame tarehe 15 Aprili 2019, halina mwiba hata mmoja. Ni duara la nyasi za majimaji zilizosokotwa. Miiba yake ilitolewa mmoja mmoja na kugawiwa kwa wafalme na makanisa katika karne nyingi.

Nilipomweleza Mama habari hizi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye hakuupanda kwa sababu ya jina. Aliupanda kwa sababu ya mbuzi.

Hapo ndipo nilipaswa kufika tangu mwanzo, maana Papa Katekista hakuwa akisumbuliwa na mmea wenyewe. Alisumbuliwa na mahali ulipopandwa. Bustani ya Mama inalizunguka kaburi.

Tarehe 30 Desemba 1998 watu wenye silaha waliingia Makobola. Mauaji yaliendelea hadi tarehe 2 Januari 1999. Yaliivuka siku ya Mwaka Mpya, ambayo Kanisa huiadhimisha kuwa Sherehe ya Maria Mama wa Mungu na Siku ya Amani Duniani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotangazwa Oktoba 2010 inasema kwamba watu zaidi ya 800 waliuawa katika Makobola II na vijiji vya jirani, navyo inavitaja: Bangwe, Katuta, Mikunga, Kashekezi. Nyumba zilichomwa moto. Mama alikuwa Swima kwa dada yake aliyejifungua, nami nilikuwa mgongoni pake. Hatukurudi. Tulivuka ziwa, na Tanzania ikatupokea katika kambi ya Lugufu, mkoani Kigoma, ambako baba yangu aliugua na kufa mwaka wa tatu.

Waliobaki au waliorudi kwanza waliwazika wafu pale walipowakuta, kwa haraka, kwa majembe yaliyosalimika. Katika parseli yetu kuna kaburi moja refu kama mtumbwi wa kuvulia ndagala. Ndani yake yumo babu yangu, baba mkwe wa Mama, na shangazi yangu pamoja na mtoto wake. Wamo na wengine. Ni wangapi, na ni nani, hakuna ajuaye kwa hakika, kwa sababu waliozika hawakuwa na muda wa kuhesabu, na baadhi ya waliozika nao wamekwisha kufa.

Mmea tuliupata ukimbizini. Mwanamke Muha wa kijiji cha jirani, aliyekuwa akimletea Mama ndizi wabadilishane na maharage ya msaada, alimpa kijiti kimoja. Mama alikipanda katika kopo la mafuta ya msaada, akalitoboa chini kwa msumari. Kambini maji yalikuwa ya foleni na ya kupimiwa, wala hakuna aliyethubutu kumwagilia ua maji ya kunywa. Taji la miiba liliishi kwa maji aliyooshea vyombo, tena si kila siku. Liliangusha majani yote wakati wa kiangazi likabaki vijiti vitupu, na Mama alidhani limekufa. Mvua ya kwanza ilipokuja likachipua. Mwaka 2007 tuliporudishwa nyumbani kwa meli ya Mwongozo kutoka Kigoma hadi Baraka, kila familia ilikuwa na mizigo yake: magodoro, mabati, sufuria, kuku. Mama alibeba pia vijiti vitatu vilivyofungwa katika kipande cha gunia kikavu. Vilikaa gungani majuma mawili bila udongo wala tone la maji.

Tulikuta parseli imekuwa njia. Watu walikuwa wakikata mkato kwenda ziwani juu ya kaburi bila kujua, na mbuzi walikuwa wamekula kila jani lililojaribu kuota pale. Udongo ulianza kubomoka upande wa chini. Mama alijaribu uzio wa miti. Majirani wakaung'oa kwa kuni, nao hatuwezi kuwalaumu, kila mtu alikuwa anaanza upya. Ndipo alipovipanda vile vijiti vitatu, na kila mwaka akaongeza vingine vilivyotoka humohumo. Mwaka wa nne kaburi lilikuwa limezungukwa pande zote, isipokuwa upana wa hatua moja upande wa kichwani, ambao aliuacha wazi ili mtu aweze kuingia na kupiga magoti. Mbuzi hunusa na kuondoka. Njia ya mkato ikahama yenyewe.

Nieleze sasa namna anavyoupanda, kwa faida ya wenye ardhi kama yetu. Kazi hufanyika katikati ya kiangazi, mwezi wa saba au wa nane. Hukatwa kijiti cha urefu wa kiganja kwa kisu kikali. Papo hapo utomvu mweupe kama maziwa hutiririka. Mama huchovya ncha iliyokatwa katika maji mpaka utomvu uache kutoka, kisha huweka kijiti kivulini, juu ya kigae, siku tano au zaidi, hadi kidonda kikauke na kufunga gamba. Wasiojua hukipanda kibichi wakidhani wanakihurumia, na kinaoza. Baada ya hapo hukisimika katika mchanga uliochanganywa na changarawe na samadi kidogo ya zamani, akakimwagilia mara moja, na kukiacha. Mizizi hutoka baada ya mwezi mmoja au miwili. Katika kiangazi cha kwanza hukipa maji kila wiki mbili, kikombe kimoja. Baada ya hapo hakipi kitu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu lile ua jekundu. Vile vinavyoonekana kama petali mbili si petali. Ni vijani viwili vilivyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kitu kidogo cha manjano kilicho katikati, ambacho mtu lazima ainame ili akione. Kwa kuwa vijani havinyauki upesi kama petali, mmea huonekana umechanua mfululizo, na ndiyo maana bustani ya Mama haina mwezi mtupu. Jua likipungua, vijani hupungua. Aliwahi kupanda mmoja chini ya mwembe wa jirani: ulirefuka, ukajaa majani mazuri ya kijani, wala haukutoa ua.

Utomvu ni sumu, na hili sitalipitia haraka. Ukigusa ngozi huwasha na kutoa malengelenge. Ukiingia jichoni huweza kudhuru vibaya. Watafiti wa Brazili waliwahi kuchunguza utomvu huu kwa sababu, ukichanganywa na maji kwa kiasi kidogo sana, huua konokono wanaobeba kichocho cha tumbo. Sisi wa mwambao wa Tanganyika, ambao watoto wetu hushinda majini, tungependa sana dawa hiyo, ila kumwaga sumu ziwani kwa kukisia huku tunakula ndagala wa humohumo ni wazimu. Ninalitaja ili msomaji ajue nguvu ya kitu anachokishika. Mama huvaa mfuko wa plastiki mikononi, na hanawi uso wala kumshika mtoto kabla hajaosha mikono kwa sabuni.

Hata hivyo mwaka 2022 mtoto wa jirani aliupiga mmea kwa fimbo akicheza, na tone likamruka jichoni. Tulimwosha kwa maji mengi kwa muda mrefu, akapelekwa kwa wauguzi, na baada ya siku kadhaa jicho likatulia. Anaona vizuri hadi leo. Lakini kwa majuma mawili Makobola nzima ilikuwa na la kusema. Wapo waliosema wafu wenyewe wamechukizwa. Wapo waliosema, kwa haki zaidi, kwamba mahali wanapopita watoto si mahali pa mmea kama huo. Mama aliing'oa yote iliyokuwa upande wa njia na kuipanda tena hatua mbili ndani, na katika nafasi iliyobaki akapanga mawe. Kesi ya mtoto ikaisha. Iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi.

Desemba 2023 ilitimia miaka 25. Baba Mdogo, anayeishi Bujumbura na ambaye baba yake ndiye babu yangu aliyelala pale, alivuka mpaka akaja na fedha za saruji. Alikuwa amezikusanya kwa miaka. Alitaka kaburi lifunikwe kwa zege, lipakwe chokaa, liwe na kibao chenye majina ya watu wetu watatu, na miiba yote ing'olewe. Alizungumza kwa uchungu wa kweli.

«Shemeji,» alisema, «baba yangu hakuwa mwizi hata azungushiwe miiba. Watu wanapita barabarani wanaona kichaka. Nataka waone kaburi.»

Ninakiri kwamba nilimwelewa. Saruji kwetu ni heshima; ni jambo ambalo mtoto humfanyia mzazi wake akipata uwezo. Kaburi lisilojengwa husema kwamba marehemu hakuacha mtu. Wazee waliokuwepo walitikisa vichwa kumwunga mkono, na Papa Katekista akiwa mmoja wao.

Mama hakujibu siku hiyo. Alijibu kesho yake, na hakuongea habari za maua. Alimkumbusha Baba Mdogo juu ya mwanamke mmoja mzee wa upande wa pili wa barabara, ambaye kila tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, huingia kwa ile nafasi ya hatua moja, hupiga magoti, na kukaa pale mpaka jua liwe kali. Mwana wake alionekana mara ya mwisho akikimbilia upande wa parseli yetu. Huenda yumo. Huenda hayumo. Hana mahali pengine pa kwenda. Na si yeye tu. Wapo watatu au wanne wanaokuja kwa namna hiyo, mmoja hutoka mbali, Mboko.

«Ukiandika majina matatu,» Mama alisema, «utakuwa umewaambia hao wengine kwamba watoto wao hawamo. Wewe unajua hawamo? Mimi sijui.»

Baba Mdogo alisema basi yaandikwe na majina yao. Mama akamuuliza ni nani atakayeapa kwamba ni hao, wala si wengine. Na kama baada ya miaka miwili atakuja mtu mwingine na jina lingine, zege litapasuliwa? Nilimtazama Baba Mdogo. Alikuwa mtu aliyekuja na jibu mkononi, akakuta swali si lile alilolijua.

Nimelifikiri sana jambo hili tangu siku ile, na sioni aibu kusema upande wangu. Uzio wa miiba humzuia mbuzi, humzuia mpita njia asiyejua anakanyaga nini, lakini haumwulizi mtu yeyote jina la maiti wake kabla ya kumruhusu aingie kuomboleza. Kibao cha majina matatu kingeuliza. Kungekuwa na maziko ya watu walioandikwa katika daftari la parokia, kila mmoja na jeneza lake, ningekuwa wa kwanza kubeba mchanga wa saruji. Kwa kaburi kama letu, ambalo nusu ya siri yake imo ndani ya udongo, naona Mama aliona mbali. Wapo ndugu zangu wasiokubaliana nami, na kila Krismasi tunalirudia.

Walifikia mapatano kwa msaada wa wazee. Upande wa kichwani ulijengwa msalaba wa saruji, mrefu wa kutosha kuonekana barabarani, wenye tarehe mbili tu: ya kuanza na ya kuisha. Hakuna jina. Fedha zilizobaki zilijenga ukuta mfupi upande wa chini, ambako udongo ulikuwa ukibomoka. Miiba ilibaki.

Na ukuta huo umetufaa upesi kuliko tulivyodhani. Ziwa limekuwa likipanda. Mwaka 2020 tuliona Uvira ikifurikwa na mto Mulongwe na watu wakipoteza nyumba na maisha. Na mwaka 2024, mvua zilipozidi, maji ya Tanganyika yenyewe yaliingia katika parseli za pwani, yakakaa wiki kadhaa. Kwetu yalisimama hatua kumi na mbili kutoka ukutani. Kaburi halikuguswa. Lakini safu nzima ya mataji ya miiba ambayo Mama alikuwa ameipanda chini ya ukuta, karibu na ziwa, ilisimama ndani ya maji siku tisa, na ikaoza yote kuanzia mizizini. Mmea ulioishi majuma mawili ndani ya gunia kavu haukuweza kuishi majuma mawili ndani ya maji. Mashina yalilainika kama ndizi mbivu na kuanguka.

Mwaka huu, basi, kazi ya mwezi wa saba ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Mama, ambaye sasa ana miaka 66 na goti linamsumbua, alikaa kwenye kigoda akikata, nami nikichovya na kupanga juu ya mabati yaliyobaki ya nyumba ya zamani. Tulipata vijiti 41. Safu mpya tutaipanda upande wa juu wa ukuta, ambako hata ziwa likipanda tena changarawe itayaondoa maji haraka.

Vilipokuwa bado vinakauka, Papa Katekista alipita. Aliketi, akanywa chai, akauliza habari za goti. Kisha akasema kwamba kigango kimejenga pango dogo la Bikira Maria pembeni mwa kanisa, na kwamba maua yote ambayo akina mama wameyapanda pale tangu Pasaka yameliwa na mbuzi, hata yale ya uchungu. Alisema maneno hayo akitazama bati.

Mama alimhesabia vijiti saba, akamfungia katika karatasi ya mfuko wa saruji, na kumwambia aviache kivulini siku tano kabla ya kuvipanda, awapandie mbali na wanapochezea watoto wa katekisimu, na anawe mikono kabla hajagusa macho.